Rafu, plau na koo la Bibi

Neno la kwanza la Kiingereza kulijua barabara nililijulia kwenye chandimu, si darasani. Neno lenyewe ni rafu. Tulikuwa tunacheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa nailoni, kwenye kiwanja cha mchanga huko Tanga, na mtu akikupiga teke la ugoko unaanguka, unaushika mguu kwa mikono miwili, unapiga kelele mpaka watu wazima wanachungulia madirishani: "Rafu! Rafu hiyo!" Haikunijia hata siku moja kwamba neno hilo lina kwao kwingine. Kwangu lilikuwa Kiswahili kama vumbi na goti.

Nilipofika kidato cha kwanza mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni: The road is rough. Akaninyooshea chaki nisome. Nikasoma kama nilivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza, kila herufi na haki yake: ro-u-gh. Na ile gh sikuionea haya, niliitoa kooni kabisa, kama ya lugha, kama ya shughuli, kwa sababu nyumbani kwetu gh ni gh. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema, "Raf. Hakuna luga duniani inayotamka hivyo."

Luga, alisema, bila gh. Hakuna aliyemcheka yeye.

Nilikaa nikilitazama lile neno ubaoni. Kwa hiyo rough ndiyo rafu yetu ya uwanjani? Basi hiyo f iko wapi? Nani kaificha? Nilimuuliza rafiki yangu wa dawati moja, akanijibu kwamba Kiingereza hakiulizwi, kinakaririwa. Nikakariri. Miaka ishirini ikapita kabla sijajua kwamba siku ile mimi nilikuwa karibu na ukweli kuliko mwalimu, ila nilichelewa kama miaka mia tano hivi.

Kazi yangu sasa ni kutafsiri. Siku moja pale Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mitumba chini, niliokota kamusi nene ya asili ya maneno ya Kiingereza. Haikuwa na jalada la mbele, na muuzaji alinipunguzia bei kwa sababu hiyo. Usiku ule nikalitafuta neno langu. Nikakuta kwamba zamani, enzi za wafalme wa Waingereza kabla ya mwaka 1066, waliandika ruh, na ile h ya mwisho haikuwa h ya hewa. Ilikuwa kh. Weka ulimi kama unataka kusema k, lakini usiuzibe upepo, uachie upite ukikwaruza. Hiyo ndiyo sauti. Walisema ruukh.

Nikacheka peke yangu chumbani, kisha nikaanza kufungua kurasa kama mtu anayetafuta deni lake. Night iliandikwa niht. Daughter ilikuwa dohtor. Through ilikuwa thurh. Zote na kh ndani yake. Ukitaka ushahidi ulio hai, muulize Mjerumani: usiku kwake ni Nacht, binti ni Tochter, "kupitia" ni durch, na kwenye Nacht na Tochter utaisikia kh yenyewe ikikwaruza. Hata Waskoti wa vijijini bado wana nicht na dochter. Na si kh peke yake. Tawi la mti liliitwa bog (usilichanganye na boga la kupika), na matawi yakiwa mengi ni bogas, na hiyo g ya katikati ilitamkwa gh. Gh ile ile ya lugha. Ile iliyochekwa darasani.

Tangu hapo nina daftari. Kila neno la Kiingereza lenye herufi hizi nne zikifuatana, o-u-g-h, naliandika humo, hasa yale ya zamani ambayo hata Waingereza wenyewe wengi hawayatumii. Wapo wanaokusanya stempu. Mimi nakusanya ough.

Kwanza hesabu ya uchizi wenyewe, kwa herufi zetu. Though inasomwa dho. Through inasomwa thruu. Rough ni raf, cough ni kof, bough ni bau, thought ni thot, thorough ni thara, lough ni lok, na hiccough, amini usiamini, ni hikap. Herufi nne, sauti tisa. Kuna mji katikati ya Uingereza unaitwa Loughborough, wenyeji wanasema Lafbra: ough mbili ndani ya jina moja, na hazifanani. Mtu wa kwanza kuniambia habari za mji huo nilidhani ananitania.

Zimefikaje hapo? Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, baada ya muda kazi ya uandishi ikaingia mikononi mwa watu waliozoea desturi za Kifaransa, na Kifaransa hakikuwa na sauti hiyo. Kuiandika kwa h peke yake kukawa hakuwatoshi. Wengine walitumia herufi inayoitwa yogh, ina umbo kama tarakimu 3 yenye mkia, na wengine wakaunga g na h. (Vijana wa Kiarabu wanaochati kwa herufi za Kilatini nao huandika ghaini kwa tarakimu 3 yenye kialama pembeni. Ni sadfa tu, lakini nilipoigundua niliamka kitandani.) Ilipokuja mitambo ya kuchapa, yogh haikuwa kwenye visanduku vya herufi za risasi, ikatupwa. Uingereza ikabaki na gh. Huko Skoti wachapaji wakachukua herufi iliyofanana nayo kwa sura, yaani z, na ndiyo maana mpaka leo kuna Waskoti wanaoitwa Menzies kwa maandishi na Mingis kwa mdomo. Z hiyo si z. Ni yogh iliyovaa nguo ya kuazima.

Nikiwa kwa wachapaji, nimtaje William Caxton, aliyefungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476. Alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, kwa Waflemi, na wao pepo wa mtu walimwandika gheest. Kabla yake Waingereza waliandika gost. Katika vitabu vyake ikaanza kuonekana ghost. Ile h haina kazi yoyote, haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote, imeingia kwa mazoea ya mikono ya watu wa Bruges. Kwa hiyo hata mzimu wa Kiingereza una herufi ambayo ni mzimu.

Sasa sauti yenyewe. Watu wa London walianza kuiacha kidogokidogo, na kufikia karne ya 17 ilikuwa imekwisha midomoni mwao. Lakini haikufa kifo cha namna moja. Pengine iliyeyuka tu, ikaacha irabu nyuma yake, kama kwenye though na bough. Pengine ilihamia mbele ya kinywa: badala ya kukwaruza kooni ikaja kukwaruza midomoni, ikawa f. Ukiisema kh na midomo ukaikaribisha, utaona mwenyewe jinsi safari hiyo ilivyo fupi. Kila wilaya ilichagua lake. Kulikuwa na mahali watu walisema dafter kwa daughter. Na kwa enough kulikuwa na pacha wake asiye na f, enow, ambaye washairi waliendelea kumtumia muda mrefu baada ya watu wa kawaida kumwacha. Hatimaye London ikaokota neno hili kutoka huku na lile kutoka kule, na tahajia ilikuwa imeshakauka kama saruji. Neno moja tu ninalolijua lilibahatika kubadilishiwa na herufi zake: dwarf, mbilikimo. Zamani lilikuwa dweorh, kwa kh. Sauti ikawa f na maandishi yakawa f. Lingepata bahati ya wenzake leo tungekuwa tunaandika dwough au balaa kama hilo.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama upya maneno yetu wenyewe. Mswahili alipoazima kwa Mwingereza hakuazima karatasi, aliazima sauti. Tazama tulivyofanya: rough tukaandika rafu. Plough, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe, mkulima wa Shinyanga analiita plau. Doughnut ikawa donati. Na mchezo ule wa vizibo vya soda unaochezwa kila kijiwe, huku wazee wakigombana kuliko wachezaji, ni drafti, kutoka draughts, ambayo ni binamu wa damu wa hizi ough zangu kwa upande wa augh. Rafu, plau, donati, drafti. Mtu akisoma maneno hayo manne hawezi kuotea kwamba kwao yanaandikwa kwa gh ile ile. Sikio la mzee wa kijiwe lilifanya kazi ambayo maprofesa wa Uingereza wameishindwa.

Wamarekani angalau walijaribu. Noah Webster, mtunga kamusi, ndiye aliyesaidia kuwatoa kwenye plough wakaandika plow, na draught wakaandika draft. Mwaka 1906 tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha kwa ajili ya bodi ya kurahisisha tahajia, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Theodore Roosevelt akaiagiza ofisi ya uchapaji ya serikali ianze kutumia maneno 300 yaliyorahisishwa, tho na thru yakiwemo. Magazeti yakamfanyia dhihaka, Bunge likakataa, na kufikia Desemba mambo yamekwisha. Gazeti la Chicago Tribune likalichukua wazo hilo mwaka 1934, likaandika tho, thru na thoro kwa miaka mingi, hadi mwaka 1975 likasalimu amri. Sababu mojawapo ni watoto: shuleni walifundishwa through, nyumbani gazeti la baba linasema thru, nani mkweli?

Nirudi kwenye daftari, maana huko ndiko kwenye utamu.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni sough. Nilikutana nalo nikitafsiri hadithi moja ambamo mwanamke amesimama kilimani akisikiliza the sough of the wind. Nikadhani ni kosa la uchapaji. Kumbe ni neno la siku nyingi sana, linatokana na kitenzi cha kale swogan, kuvuma, na wengine husema sau, wengine saf, wote wako sahihi. Ni ile sauti ya upepo unapopita kwenye miti bila kuivunja. Nilikaa na sentensi hiyo nusu siku nzima. Mvumo lilikuwa neno la haki, lakini mvumo unaweza kuwa wa ngoma, wa simba, wa mashine ya kusaga. Mwishowe nikawakumbuka mivinje wa pwani ya kwetu, vile majani yao membamba yanavyolia jioni upepo unapogeuka, sauti ambayo ukiwa mtoto unadhani ni bahari kumbe ni miti. Hiyo ndiyo sough. Niliandika "mvumo wa upepo mitini" na mhariri hakuulizia. Lakini rohoni niliandika mivinje.

Kuna sough nyingine, haina undugu na hiyo ya upepo. Huko Derbyshire, katikati ya Uingereza, wachimba madini ya risasi walikuwa wakitoboa mahandaki marefu chini ya kilima ili maji yatoke yenyewe na migodi isifurike, na handaki la namna hiyo ni sough, wanalitamka saf. Mojawapo, Meerbrook, lilianza kuchimbwa mwaka 1772, na maji yake mpaka leo watu wanayanywa. Jingine, la Cromford, ndilo lililomletea maji Richard Arkwright alipojenga kinu chake cha kusokota pamba mwaka 1771. Maji yatokayo chini ya ardhi hayagandi kirahisi majira ya baridi, kwa hiyo magurudumu hayakusimama. Neno ambalo hata Mwingereza wa London halijui lilikuwa chini ya sakafu ya viwanda vya kwanza vya nguo duniani.

Slough nayo ni mbili. Ya kwanza inatamkwa slau, na maana yake ni dimbwi la matope yanayozamisha miguu. John Bunyan, katika kisa chake cha msafiri cha mwaka 1678, alimtumbukiza msafiri wake kwenye tope kama hilo mwanzoni kabisa mwa safari, tope la kukata tamaa, na nadhani ndilo lililolinusuru neno lisisahaulike. Halafu kuna mji unaoitwa hivyo, magharibi mwa London. Binamu yangu mmoja alipohamia Reading (mji ambao nao hausomwi Riiding bali Reding, wajue hawana huruma), siku moja alikwenda dirishani kukata tiketi ya kwenda "Slafu". Yule mama wa tiketi akamwangalia kwa upole mkubwa, akamuuliza anaanza na herufi gani. Binamu akanipigia simu usiku akitaka kujua kama hilo nalo limo kwenye daftari langu. Nikamwambia limo, na kwamba hakukosea sana, alitaja neno jingine tu. Kwa sababu slough ya pili ndiyo inayotamkwa slaf, na ni lile gamba analojivua nyoka. Kuifanya kitenzi ni kujivua gamba, usemi ambao Watanzania tuliusikia mwaka 2011 mpaka masikio yakachoka, wakati chama tawala kilipoutumia kwa mambo yake. Binamu yangu alikuwa amekata tiketi ya kwenda kwenye gamba la nyoka.

Chough hutamkwa chaf. Ni ndege wa ukoo wa kunguru, mweusi tii, lakini mdomo mwekundu na miguu myekundu kama aliyepaka hina. Yumo kwenye nembo ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na watu wa huko wana hadithi kwamba Mfalme Arthur hakufa, roho yake iliingia ndani ya ndege huyu, kwa hiyo kumuua ni nuksi. Nuksi hiyo haikumlinda. Alitaga Cornwall kwa mara ya mwisho mwaka 1947, wa mwisho kabisa alikufa mwaka 1973, na kwa karibu miaka thelathini Cornwall ikawa na chough kwenye nembo na haina hata mmoja angani. Mwaka 2001 wakaja wachache wenyewe, bila kuletwa na mtu, na mwaka uliofuata wakaangua vifaranga.

Clough, klaf, ni bonde jembamba lenye mteremko mkali, kaskazini mwa Uingereza. Wapenzi wa kandanda wanalijua kwa jina la Brian Clough, kocha aliyeipa Nottingham Forest Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Hough ni kifundo cha mguu wa nyuma wa mnyama, hutamkwa hok, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ni kitenzi cha kikatili: kuwakata farasi mishipa ya miguu. Lough ni ziwa kwa Wairishi. Ziwa lao kubwa kuliko yote ni Lough Neagh, soma Lok Nei: gh ya kwanza imekuwa k, ya pili imekuwa hewa. Hapo nilifunga daftari kwa siku hiyo.

Na dough, unga uliokandwa. Hili ni neno la kila siku, lakini lina siri. Lady, bibi mkubwa, zamani lilikuwa hlaefdige. Hlaef ni mkate, na dige ni mkandaji, kutoka mzizi ule ule wa dough. Lord naye alikuwa hlafweard, mlinzi wa mkate. Kwa hiyo heshima yote ile, mataji na mabunge ya malodi, chini yake kuna mama mwenye unga mikononi na baba anayelinda kapu. Nilimsimulia mke wangu asubuhi akikanda maandazi. Akasema, "Basi niite lady, halafu wewe ulinde hayo mafuta yasiungue."

Wapo pia matapeli. Hiccough hailingani na cough kwa nasaba hata kidogo. Neno lilikuwa hiccup tangu zamani, linaiga kwikwi yenyewe, halafu watu wakadhani kwikwi ni aina ya kikohozi, wakalivisha herufi za kikohozi na kuendelea kulitamka hikap. Delight nayo ilikuwa delite, imetoka Kifaransa, haijapata kuwa na kh maishani mwake. Ilikaa karibu na light, ikaona wenzake wamevaa gh, ikavaa. Matapeli hawa wananipa raha kuliko wenye haki. Wanaonyesha kwamba kufikia wakati ule hakuna aliyekumbuka tena gh ilikuwa ya nini. Ilishakuwa pambo.

Thorough na through ni mtu mmoja aliyegawanyika. Katika ile Biblia ya 1611, Zaburi ya 51, aombaye anasema wash me throughly, palepale ambapo Kiswahili kinasema "unioshe kabisa". Kuosha kabisa kwao kulikuwa kuosha kupenya hadi upande wa pili. Nimewahi kumweleza hivyo mteja mmoja aliyelalamika kwamba "kabisa" ni neno la mtaani. Hakuridhika, ila alilipa.

Nimesema kwamba kwetu gh ni gh. Nieleze kwetu ni wapi. Kwetu ni kwa Bibi, mama yake baba, aliyenilea miaka ya mwanzo. Bibi alikuwa hajui herufi za Kilatini. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua kwa dada yake Pemba, na deni za vitumbua kwenye kipande cha boksi. Ukimwamkia shikamoo anakujibu marahaba, kisha anauliza khabari. Si habari. Khabari, kwa koo. Hatari kwake ilikuwa khatari, hasara ilikuwa khasara, na akikuaga asubuhi ni "nenda kwa kheri mjukuu wangu". Sisi tuliosoma shule tulikuwa tunamwigiza tukiwa peke yetu, tunakwaruza makoo na kucheka, tukiona ni uzee.

Siku moja baada ya kununua ile kamusi isiyo na jalada nilitafuta vile vipande vya boksi alivyotuachia. Vipo vichache. Kwa herufi zake, hewa anaiandika kwa h moja, haki kwa h nyingine, na khabari kwa ya tatu. H tatu, za Kiarabu kwa asili, kila moja na sehemu yake kooni. Sisi tukazifanya moja. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni na wataalamu wao walikutana Mombasa, wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi zote nne za Afrika Mashariki. Tahajia ikasanifiwa. Leo kamusi inakupa habari, hatari, hasara. Wepesi huo ndio uliomfanya mtoto wa Kigoma na wa Lamu wasome kitabu kimoja, na sitaki kurudi nyuma, mimi ninayekula kwa kuandika. Nikiona watoto wa Kiingereza wanafanya mashindano ya tahajia kwenye televisheni, wanalia kwa sababu ya herufi, nashukuru. Sisi hatuna mashindano hayo kwa sababu hakuna cha kushindania.

Lakini Mwingereza, kwa uzembe wake wa kutofagia nyumba, amebaki na ushahidi. Sauti imekufa karne nne zilizopita na kaburi lake bado limeandikwa jina, katikati ya daughter, mwishoni mwa enough, kila gazeti, kila siku. Kh ya Bibi haina kaburi. Ukisoma habari hakuna alama yoyote ya kukuonyesha kwamba mtu aliwahi kukwaruza koo hapo. Imebaki pachache, kwenye sabalkheri, kwenye makhluki, na wanaosoma maneno hayo siku hizi wengi wanasoma h tu.

Nililithibitisha hilo nyumbani kwangu mwezi uliopita. Binti yangu yuko darasa la tano, alikuwa mezani na kazi ya nyumbani ya Kiingereza, anatakiwa kuandika enough mara tano na cough mara tano. Akaniuliza, "Baba, hii gh ni ya nini?" Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu kidato cha kwanza. Nikavuta kiti. Nikamweleza ya wafalme wa zamani, ya wachapaji, nikamwambia ilikuwa inatamkwa kama Bibi Mkubwa alivyokuwa anasema khabari.

"Alikuwa anasemaje?"

"Khabari."

"Habari."

"Siyo. Kh. Toa kooni. Khabari."

"Kabari."

Tukarudia. Mama yake akaja kusimama mlangoni na mwiko. Mtoto aliweka mkono shingoni kama anayepima homa, akakunja uso, akavuta pumzi, akaisukuma. Ikatoka h. Akasukuma tena, ikatoka k. Mara ya tatu akaisukuma kwa nguvu zake zote, mate yakampalia, akashikwa na kikohozi cha kweli mpaka machozi yakamtoka. Nikampiga mgongoni huku nikiwaza kwamba cough, katika mizizi yake, ni neno la kuiga mlio huo huo, kama vile kohoa yetu.

"Hiyo," nikamwambia alipotulia. "Hiyo ya mwanzo, kabla hujakohoa."

Akanitazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyezidisha. Akafuta machozi kwa kiwiko, akavuta daftari, akaandika cough, herufi zote tano, akapiga mstari chini yake na kuanza ya pili.